Rangi Iliyogoma Chumbani kwa Naima

Jamani, mwenzenu nasisimka mpaka sasa! Shoga yangu Somoe wa Mitwero alikodi mashine ya kupuliza mchanga, wabandue rangi ya sakafu chumbani kwa mwanawe Naima, anayeolewa Ijumaa. Mchanga ukawaishia, Somoe akaenda kuzoa mwingine kule kwenye makaburi ya zamani. Nikamcheka mpaka machozi: "We Somoe, hata hodi hukupiga?"

Basi, madirisha wameyaziba kwa turubai, vumbi lisitoke, ndani giza tii, Somoe na fundi wanaonea kwa tochi tu. Fundi Jafari anapuliza, mashine inanguruma. Rangi yote ikatoka, ikagoma sehemu moja tu: umbo la mtu kalala ubavu, kaelekea kibla, kama maiti kaburini. Akapuliza tena, wapi!

Jafari akazima mashine. Mchanga ukaendelea kusikika, shshsh, halafu ngo, ngo, ngo. Somoe akadhani jirani, akaitika kama kawaida yake: "Karibu!"

"Mama, unamkaribisha nani? Huku nje hakuna mtu," akasema Naima, kasimama mlangoni.

Jafari akamulika tochi sakafuni. Lile umbo halielekei kibla tena. Limemgeukia Naima.