Zulia Lililochapwa Fimbo Tisa

Baltazari wa Mpanda alikuwa mtu mpole kupindukia, lakini umshikie zulia kwa mkono wenye mafuta uone! Hapo ungekiona cha moto. Duka lake lilikuwa mtaa wa stesheni, na tangu reli ilipofika mjini, miaka minne nyuma, halikupungukiwa watu. Aliuza mikeka ya ukindu, majamvi, na mazulia yaliyotoka Ujiji na Tabora. Na kazi aliijua. Zulia kwake halikukunjwa ovyo kama shuka. Liliviringishwa, manyoya kwa ndani, likafungwa kwa vitambaa kwa sababu kamba hukata nyuzi. Lililazwa juu ya uchaga ili mchwa wasilifikie, na ndani lilitiwa majani ya tumbaku kwa ajili ya nondo. Asubuhi alichagua moja, akalining'iniza kwenye mti uliolazwa kukatiza baraza, wapita njia walione. Jua likipanda, alilirudisha ndani lisipauke. Na hakuna zulia lililotoka kuonyeshwa bila kukung'utwa kwa fimbo kwanza.

Jumatatu moja, mwezi wa saba, alikuja Emerensiana. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mjane aliyetoka Karema. Siku mbili kabla, watu wa mtaa ule walikuwa wamemzika mwanawe wa pekee, Evarist, mtoto wa miaka minne. Homa ya siku moja tu, akaenda. Alikuwa rika la Lusia, binti wa Baltazari, na walicheza pamoja pale pale barazani. Emerensiana alikuwa amekumbatia zulia jekundu lililoviringishwa. Marehemu mumewe alilinunua Ujiji enzi za kuuza dagaa.

"Pole sana, Mama Evarist," Baltazari alisema.

"Asante, Baba Lusia. Niwekee hili." Sauti yake ilikuwa ndogo, imekauka kwa kulia. "Mtoto alikata roho akiwa juu yake. Kwetu, alicholalia marehemu kinazikwa kando yake, lakini mpaka mjomba awepo achimbe kwa mkono wake. Nakwenda Karema kumleta kaka yangu."

"Si ungeliacha nyumbani?"

"Kwangu kuna mchwa, na mlango wenyewe hauna kufuli. Wewe niwekee tu. Usilikunjue. Usilipige. Kivuli cha mtoto kimelala humu."

Baltazari alilipokea kwa mikono miwili, akalipandisha uchaga wa juu kabisa, akamwambia aende salama. Na siku ile alisema kwa moyo mweupe, tusimsingizie. Alikuwa na nia ya kulitunza.

Jumatano akaingia Mwalimu Telesphor, katekista. Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na parokia ilitaka zulia jekundu la kutandika chini ya kiti chake. Jamani, nani asingeitaka sifa hiyo? Baltazari alishusha mazulia yake mawili mekundu, akayafungua kwa mbwembwe. Yalikuwa yameliwa na nondo, matundu matupu. Masika ile alikuwa ameona uvivu kubadilisha tumbaku. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Basi nitaagiza Tabora," Telesphor alisema. Kisha akatazama juu. "Na lile pale?"

Hapa ndipo pa kumlaumu mtu huyu. Neno "hapana" halina uzito, hata mtoto analibeba. Yeye akasema, "Lile lipo, Mwalimu. Pita kesho asubuhi nitakuonyesha."

Alipofunga duka aliendelea kujitetea peke yake. Si amesema nimwekee? Basi nitaliweka. Ndani ni kuweka, barazani ni kuweka. Akishaliona Mwalimu nitamwagizia la namna hiyo hiyo, na lake nitalirudisha mahali pake. Nani atajua? Lakini habari ya kivuli cha mtoto aliisikia vizuri. Aliisikia, na aliielewa.

Alhamisi asubuhi Verdiana, mkewe, alikwenda mtoni kufua. Lusia alikuwa bado amelala chumba cha nyuma. Baltazari alishusha zulia, akafungua vitambaa, akaliviringua juu ya meza. Manyoya yalikuwa na joto. Katikati palikuwa pamebonyea, padogo, kama alipojikunja mtoto. Alipapangusa kwa kiganja na pakasawazika. Akalining'iniza barazani. Akachukua fimbo.

Ya kwanza ilitoa vumbi jekundu, la kawaida.

Ya pili, vumbi tena.

Ya tatu alisikia mtu akivuta pumzi. Akageuka. Barazani hapakuwa na mtu.

Akapiga ya nne. Ya tano. Zulia lilijikunja pembeni, mbali na fimbo. Upepo haukuwepo. Mkono ulikuwa umeshazoea kazi, ukaendelea. Sita. Saba. Nane. Ya tisa ilitoa sauti. Haikuwa sauti ya kitambaa. Ilikuwa sauti ya fimbo kwenye ngozi.

Aliiacha fimbo ianguke. Ndani ya nyumba, Lusia alilia mara moja tu, akanyamaza.

Alikimbia chumbani. Mtoto alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka wake, anapumua polepole. Anaota, Baltazari alijiambia, akarudi barazani kumpokea Telesphor. Na unajua Telesphor alisema nini? Alilishika upindo, akatikisa kichwa, akasema, "Hili limepauka, bwana. Askofu hawezi kukanyaga hili." Akaenda zake. Yaani hata ile sifa aliyoitafuta hakuipata. Baltazari aliliviringisha tena, akalifunga, akalirudisha juu. Lilikuwa jepesi kuliko alivyolishusha.

Verdiana aliporudi na beseni lake alimwita Lusia ale uji. Hakuitika. Alimtikisa, hakuamka. Alimpandisha gauni amwagie maji ya baridi, na ndipo Baltazari alipomsikia akipiga ukelele. Mgongoni mwa mtoto palikuwa na mistari ya fimbo, mibichi, imevimba. Verdiana aliihesabu kwa kidole. Tisa.

"Umempiga mtoto?"

"Sijamgusa."

"Baba Lusia, nyie mmebaki wawili nyumba hii. Nani kampiga?"

"Naapa sijamgusa hata kwa kidole."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo, na hakuna kauli iliyowahi kumchoma kama ile. Angeweza kujinasua kwa kusema habari ya zulia. Lakini kuisema ilikuwa ni kukiri kwamba amevunja amana ya mfiwa ili asifiwe mbele ya askofu. Badala yake akakimbilia zahanati. Mganga alikuja, akapima, akasema ni homa, akaacha dawa. Mtoto alimeza uji ukimtia mdomoni, alipumua, lakini macho hakuyafungua Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumapili. Kila siku mwili wake ulizidi kuwa wa baridi. Jumatatu miguu yake ilikuwa ya baridi mpaka magotini. Verdiana aliacha kabisa kusema na mumewe. Alimwekea chakula na kugeukia ukutani.

Jumatatu hiyo mchana Emerensiana aliteremka kwenye lori, yeye na Fabiani, kaka yake, mtu mrefu asiye na maneno. Aliingia dukani, akapokea zulia lake, akalipima mikononi. Uso ukambadilika.

"Humu hamna mtu," alinong'ona. "Umelipiga?"

"Nililikung'uta."

"Ngapi?"

"Tisa."

Emerensiana alikaa chini, sakafuni, zulia mapajani. "Mwanangu amekufa hajawahi kuchapwa na mtu yeyote," alisema. "Hajui fimbo. Umemtisha, amekimbia. Mtoto akikimbia anakwenda kwa mwenzake. Mtoto wako yuko wapi?"

 Machozi yakamtoka Baltazari. Alimpeleka chumbani, na Verdiana akaambiwa kwamba Mama Evarist anajua dawa, atoke nje kidogo, aache kanga yake. Uongo mwingine huo, juu ya ule wa kwanza. Verdiana aliivua kanga ya mbeleko, akatoka bila kuuliza. Kwa ajili ya Lusia angetoa hata ngozi yake.

Emerensiana alitandika zulia kando ya mkeka wa Lusia. Akanong'ona, "Wamelala wawili katika mwili mmoja. Mtoto aliyepigwa bila kosa anabembelezwa na yule yule aliyempiga, hata walio hai ni hivyo. Mwite arudi alale hapa. Tukiona limebonyea tunaliviringisha, unalibeba mgongoni kwa mbeleko mpaka kaburini, na Fabiani atachimba. Lakini mwite kwa jina lake. Evarist. Usimwite vinginevyo."

Baltazari alipiga magoti. Alimtazama bintiye, midomo mikavu, ile mistari ikichungulia kwenye shingo ya gauni. Huruma ikamjaa, na hatia ikamjaa zaidi. Alitaka kusema kwa upole wote alionao. Na sisi huku, ukitaka kumwita mtoto kwa upole, awe wako, awe wa jirani, unamwitaje?

"Njoo, mwanangu," alisema. "Njoo nikubebe. Nisamehe, mwanangu."



Kisha manyoya ya zulia yakalala. Polepole. Bega. Nyonga. Goti lililokunjwa.

Emerensiana alimtazama Baltazari kwa muda. Halafu akaanza kuviringisha. 

Walitoka na jua la saa nane. Mwanamume mzima, mwenye duka, amebeba zulia mgongoni kwa kanga, kalifunga kifuani kama mama, anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kulaza mtoto. Watu wa mtaa wa stesheni walisimama kuangalia. Hakuna aliyecheka. Zulia lilikuwa zito sasa. Lilikuwa na joto. Liliegemea bega lake la kushoto.

Karibu na makaburi lilisema.

"Baba."

Alisimama. 

"Baba, nishushe. Naona giza."

"Usisimame," Emerensiana alisema nyuma yake.

Anamwita marehemu baba yake, Baltazari alijiambia. Maskini. Anamwita baba yake. Akaendelea kuimba, kwa sauti zaidi, asisikie. Fabiani alichimba kando ya kaburi dogo ambalo udongo wake ulikuwa bado mwekundu. Baltazari alifungua kanga, akalishusha zulia kwa mikono yake mwenyewe, akalifukia kwa mikono yake mwenyewe, haraka, huku sauti ikiita chini ya udongo, mara mbili, mara tatu, kisha ikaisha.

Walinawa mikono kwa maji ya kibuyu. Emerensiana alimmiminia.

"Baba Lusia," alisema. "Kule chumbani ulimwita nani?"

"Nilimwita mtoto wako."

"Hapana. Ulisema, mwanangu."

Maji yaliendelea kumwagika. Baltazari hakuyaona tena.

"Evarist wangu alizaliwa baba yake ameshazikwa," Emerensiana alisema. "Neno baba hajawahi kulisema. Hakuwa na wa kumwambia."

"Ulisikia?" Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Ulisikia nikikosea?"

"Nilisikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Na mimi nilikuambia usilikunjue."

Alirukia jembe. Fabiani alilikanyaga mpini, akamshika kifua, na akasema maneno pekee aliyoyasema siku ile: "Ukifukua, wa nyumbani anakufa na huyu harudi. Utabaki bila yeyote."

Na kweli, kutoka upande wa mjini Verdiana alikuwa anakuja mbio, analia na kucheka kwa pamoja. Ameamka! Mtoto ameamka, ameomba maji! Baltazari alitazama udongo. Alimtazama mkewe. Angeweza kusema, palepale. Jembe lilikuwa chini ya mguu wa mtu, lakini mdomo wake haukukanyagwa na mtu. Aliuacha umefungwa, akamfuata Verdiana nyumbani.

Lusia alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo laini, hauna hata alama. Alipomwona Baltazari alirudi nyuma mpaka ukutani, akaficha mikono.

"Shikamoo, mwenye duka," alisema. Kisha akamgeukia Verdiana, kwa adabu, kama mtoto aliyelala kwa watu. "Mama yangu ameshatoka Karema?"

"Homa imemchanganya," Verdiana alisema, anamkumbatia, anambusu kichwani. "Itapita tu. Mungu ni mwema."

Emerensiana alirudi Karema na lori la kesho yake, hakupita kuaga. Mtoto alikua, akaenda shule, akaolewa na mtu wa Kibaoni, na alikuwa binti mzuri ambaye kila mtu alimsifu. Baltazari alimwita Lusia mpaka siku anakufa. Binti alimwita mwenye duka mpaka siku anamzika.

Ila jioni ile ile waliyorudi, Verdiana alichukua kanga yake ili aifue. Akaikunjua, akainusa, akakunja uso.

"Baba Lusia, si ulibeba zulia? Mbona imekojolewa?"

"Ni zulia tu," Baltazari alisema.

Kanga ile ipo, iko kwa wajukuu huko Shanwe, imechakaa na rangi imekwisha. Ukiifua na kuianika juani inakauka yote, kasoro pale katikati, penye ukubwa wa mtoto wa miaka minne. Pale ukigusa, saa yoyote, ni pabichi na pana joto.