Umemnyolea Nani?

Kama kuna mahali pabaya pa kushikwa na joto la mwili, ni soko la Mwaloni, Kirumba, saa nne asubuhi, dagaa wamemwagwa kila upande na wachuuzi wanakusukuma utadhani umewaibia njia. Ndipo lilipomkuta Paskazia. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likaingia chini ya wigi, na jasho likamtiririka hadi kwenye kola ya gauni la kitenge alilolishona mwenyewe. Akashika nguzo ya kibanda, akafumba macho. Alikuwa amechoka. Miaka miwili sasa alikuwa amechoka.

"Mama, unaanguka au unasali?"

Alifumbua macho. Nyuma ya friji la samaki lililofunguliwa mgongo alichuchumaa mwanaume mmoja mrefu, ovaroli la kijani, grisi hadi viwikoni.

"Nasikia joto tu."

"Joto na upepo wote huu wa ziwani?" Hakungoja jibu. Alitia barafu kwenye mfuko, akampa. "Weka shingoni. Mimi Orwa, fundi friji. Nikishindwa kupoza mtu mmoja, kazi sina."

Paskazia akacheka. Alisahau lini alicheka mara ya mwisho. Alipomwambia yeye ni fundi cherehani, Orwa alimwonyesha mfuko wa ovaroli uliochanika, na namba za simu zikabadilishana zenyewe.

Kesho yake simu ikaita.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Tulikubaliana mfuko wa ovaroli, fundi. Habari za ugonjwa zimetoka wapi?"

"Hiyo ni nyongeza, kipenzi."

"Kipenzi! Tangu jana?"

"Tangu saa nne na robo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na miezi mitano ikapita. Orwa, Mjaluo wa Rorya, alikuwa mjane, watoto wake wakubwa. Kila Jumapili alifika Kiseke kwa Paskazia na sato wawili mkononi. Alimwita Mama Eve, kwa jina la binti yake Evelina. Alimkadiria miaka arobaini na nne, na Paskazia hakumrekebisha. Jambo moja tu alimkatalia: kichwa. Orwa akinyoosha mkono kuelekea kwenye wigi, Paskazia aliinuka kwenda kuangalia sufuria.

Chini ya wigi mambo yalikuwa mabaya. Utosini nywele zilibaki za kuhesabu, na kila alipochana, chanuo lilijaa. Alipaka maji ya vitunguu mpaka wateja wakauliza anapika nini. Akapaka mafuta ya mnyonyo. Wapi! Muuguzi mmoja alimwambia wazi: "Mama, umri huu hedhi ikikoma nywele hupungua, si wewe peke yako. Ila hilo wigi la kubana na hiyo gundi ndivyo vinavyozimaliza." Paskazia akaitikia, akatoka, akanunua gundi nyingine. Jamani, angemwambia nini Orwa?

Kisha Machibya akafa. Huyu ndiye baba yake Evelina, waliyeachana naye miaka kumi na mmoja nyuma. Paskazia alimpeleka binti kumzika babake Misungwi, akakaa siku tatu na wigi kichwani. Aliporudi na kulivua, lilitoka na nywele na ngozi. Hakulia. Alivaa kandambili, akaenda kwa kinyozi wa mtaani, akasema, "Toa zote." Mashine ilipomaliza, hewa ikampiga kichwani, akasikia raha ambayo hakuisikia siku nyingi.

Jumapili Orwa akaja, shati jeupe limepigwa pasi. Aliingia, akaona kichwa, tabasamu likamkauka.

"Wamekunyoa."

Kwao Rorya na kwao Paskazia Usukumani, mume akifa, mkewe hunyolewa. Hilo Orwa hakuhitaji kuelezwa, na safari ya msibani Misungwi aliijua.

"Uliniambia mliachana, Mama Eve."

Paskazia alifungua kinywa. Angesema nini? Akisema ukweli, atamwambia mwanaume anayempenda kwamba amezeeka, nywele zimekwisha, na siku zake hazioni tena. Akinyamaza, atabaki mjane wa watu, na mjane ana heshima yake. Akanyamaza.

"Basi pole na msiba," Orwa alisema. Aliacha samaki juu ya stuli, akaondoka.

Wiki mbili simu haikuita. Ilipoita, sauti ilikuwa kavu.

"Nauliza mara moja tu. Umemnyolea nani?"

"Orwa..."

"Kuna shemeji anangoja kukurithi Misungwi? Ndugu zangu wananiambia niachane na mjane wa watu. Niambie, nitoke kwa amani."

Ndipo hasira ikampanda Paskazia. Ampoteze mwanaume huyu kwa ajili ya Machibya? Machibya, ambaye hata pole ya homa hakuwahi kumpa?

"Uko wapi?"

"Mwaloni."

"Usitoke hapo."

Alivaa gauni la njano, akaenda kichwa wazi. Sokoni kila hatua ilikuwa ni pole. "Pole mama." "Pole na msiba, dada." Alipomfikia Orwa, pole zilikuwa zimemfika shingoni.

"Sikumnyolea mtu!" alisema, tena kwa sauti. "Zilikuwa zinakatika zenyewe. Nina miaka hamsini na mbili. Siku zangu zilikoma mwaka juzi. Lile joto ndilo hilo, linakuja mara sita kwa siku. Silali vizuri. Nasahau majina ya wateja. Nywele zikiota zitaota, zisipoota basi. Umejua sasa."

Orwa aliweka bisibisi chini.

"Wiki mbili, Paskazia. Wiki mbili namwonea wivu marehemu."

"Niliona bora unione mjane kuliko unione mzee."

"Na mimi unaniona kijana? Magego sina hata moja."

"Nilishaona. Unacheka mdomo wazi."

Hakucheka safari hii. Alijifuta grisi kwenye ovaroli, akanyoosha mkono, akausimamisha hewani. "Naruhusiwa?"

Paskazia alikuwa amechoka kukwepa. Akainamisha kichwa. Kiganja kilikuwa kigumu na kizito, kikatulia utosini, na machozi yakamtoka pale pale kati ya dagaa.

"Jikaze mama, ndiyo dunia," muuzaji mmoja akamwambia.

"Jumapili ile nilikuja na neno," Orwa alisema. "Nilitaka twende Rorya, mama akuone. Bado nataka."

"Na kichwa hiki? Si ataniuliza nimefiwa na nani?"

"Lazima atauliza. Utamjibuje?"

Paskazia alifuta uso kwa kiganja.

"Nitamwambia, shikamoo mama. Sijafiwa. Naolewa."