Mibuni ya Kantare

Zama zile ngoma ya ufalme wa Buhendi iliposikika toka ukingo wa Ziwa Nyanza hadi mto Kagera, mbuni ulikuwa mti wa mfalme. Hakuna aliyeupanda bila idhini yake. Buni zilichemshwa kwa majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa, na mgeni akapewa za kutafuna kabla hajaulizwa habari. Na watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, waliipasua buni moja, kila mmoja akaipaka nusu yake damu, akamlisha mwenziwe.

Hivyo ndivyo walivyofanya ujanani Rwegoshora, jemadari wa mfalme, na Ishengoma, mkulima wa kilima cha Kantare.

Kantare walipewa idhini na mfalme marehemu, na kila kaya ilikuwa na mibuni michache kati ya migomba. Kwa buni walipata chumvi, majembe na bangili za shaba. Lakini Kayango, mfalme mpya, alipogombea kiti na nduguye, watu wa Kantare walimficha yule nduguye hadi akavuka mpaka. Kayango hakusahau. Alipokwisha kukaa imara, alimwita Rwegoshora.

"Nenda Kantare," akamwambia. "Usiue asiyekupinga. Kata mibuni yao yote, nao waonje ufukara."

Rwegoshora akapiga magoti, akaitika.

Walifika umande haujakauka. Ishengoma alikuwa amesimama mlangoni pa shamba, amejifunga vazi la gome la mti, mkuki mkononi.

"Ndugu yangu," alisema, "sikutegemea kukuona na shoka."

"Nami sikulitaka. Nipishe, Ishengoma."

"Baba yangu amezikwa humu. Ukitaka kupita, pita juu yangu."

Askari wakainua ngao. Rwegoshora akaushika mkuki wake. Aliyemwaga damu ya nduguye wa kuchanjiana, ilisadikiwa, ukoo wake ulikatika. Na aliyemwasi mfalme hakuiona jioni.

Ndipo Kokubanza, mke wa Ishengoma, akatoka migombani akasimama kati yao.

"Shemeji," akauliza, "mfalme alisema mkate, au mng'oe?"

"Alisema tukate."

"Basi kateni." Akainama, akagusa goti lake. "Kateni hapa. Wala msiwashe moto juu ya mashina."

"Umerukwa na akili?" Ishengoma akamaka.

"Mibuni ikizeeka huwa tunaifanyaje, mume wangu? Heri nusu shari kuliko shari kamili. Njaa nitaivumilia. Ujane sitaki."

Rwegoshora akawageukia askari. "Kila shina, kimo cha goti. Atakayekata chini zaidi atanijibu mimi."

Ishengoma akauacha mkuki uanguke. Siku ile mashoka yalilia kutwa nzima, na wanawake wakalia pamoja nayo. Baada ya hapo Kantare waliishi kwa viazi vikuu na hisani ya wakwe, na wazee kadhaa hawakuimaliza njaa ile.

Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Kabyemera, mjumbe wa ikulu aliyeutamani ujemadari, alipita Kantare akakuta mashina yamechipua, matawi yamejaa maua meupe. Akavunja moja, akampelekea mfalme.

"Nilikutuma ukate," Kayango alimwambia Rwegoshora barazani.

"Nilikata, Waitu, mfalme wangu. Kila mti."

"Ulijua itachipua?"

Angeweza kusema hapana. "Nilijua, Waitu."

"Siwezi kumuua mtu kwa kulitii neno langu," mfalme akasema hatimaye. "Lakini sitapata usingizi nikiwa na jemadari anayenisikiliza hivyo." Akamvua bangili ya cheo, akamfukuza nchini. Kabyemera alipoomba akaing'oe mibuni, alikatazwa. Mfalme hakutaka nchi ijue kwamba amri yake ilichezewa.

Ishengoma alimsindikiza Rwegoshora hadi Kagera.

"Rudi, shemeji yuko peke yake," Rwegoshora akasema.

"Ndiye aliyenituma. Amesema nisigeuke mpaka nikuone ng'ambo."

Wakakumbatiana.

Rwegoshora alizeeka ugenini akichunga ng'ombe wa watu, akafia huko. Waimbaji wa ikulu walihifadhi jambo moja tu juu yake: kwamba ndiye aliyekata mibuni yote ya Kantare. Watu wa Kantare waliusikia wimbo huo kila sherehe, midomo yao ikitafuna buni, na hakuna hata mmoja aliyewasahihisha.