Mlango Ambao Sikuuchora

Wivu nilikuwa nao, sifichi. Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia Bariadi kununua pamba, mume wangu Masunga aliuza vizuri, akaiezeka bati nyumba ya mke mdogo, Milembe. Mimi Nyanjige, mke mkubwa niliyeipalilia pamba hiyo alfajiri kabla ya kwenda kazini, nikabaki na nyasi zinazovuja. Jamani!

Milembe mwenyewe hakuwa na ubaya. Kila jioni alisimama kwenye uzio wa minyaa kati ya nyumba zetu. "Mwadila, dada." Sikuitikia salamu yake hata siku moja.

Nilikuwa karani wa Mzee Januarius, mpima viwanja, aliyeleta kompyuta inayotumia jenereta. Masunga alitaka hati ya kiwanja, kwa hiyo siku moja nilikuwa nachora ramani ya kwetu. Unabonyeza mausi, unavuta, mstari unatokea. Nikachora minyaa, nyumba yangu, nyumba ya Milembe, hata mafiga yake matatu.

Nikaitazama nyumba yake. Nikachagua kifutio cha kompyuta.

Nikafuta ukuta. Nikafuta bati. Nikafuta mlango. Roho ikatulia, kwa kweli. Vikabaki vidoti vitatu vya mafiga, sikuvijali.

Saa kumi na moja nikafika nyumbani. Kwa Milembe palikuwa peupe. Hakuna tofali, hakuna shimo. Mafiga matatu tu, yanafuka moshi.

"Milembe yuko wapi?" nikamuuliza Masunga.

"Milembe gani?"

Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania.

Nikakimbia ofisini. Mzee Januarius alikuwa anafunga. "Baba, nipe dakika tano tu," nikamsihi. Akawasha jenereta. Nikachora upya. Ukuta. Ukuta mwingine. Bati. Jenereta ikakohoa, kompyuta ikatoa moshi, kioo kikawa cheusi.

"Imeungua hiyo," akasema.

Nikarudi mbio. Nyumba ipo! Bati linang'aa. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikaizunguka nimwone Milembe. Nikaizunguka tena.

Haikuwa na mlango. Kompyuta iliungua kabla sijauchora.

"Mwadila, dada." Ilikuwa sauti yake, ndani ya ukuta, chini chini.

"Mwadila, mdogo wangu," nikaitikia huku nalia. "Vumilia. Nakutoa."

Nikachukua jembe, nikaanza kupiga tofali. Masunga akaja kunizuia, akasikia sauti. Akakimbilia sururu bila kuuliza. Tulipiga, naye alisalimu. Tulipiga, naye alisalimu. Sehemu ya ukuta ilipoanguka, Milembe akanyamaza.

Ndani hamkuwa na mtu. Nyumba nzima ilinuka mkaa.

Nikageuka kuutazama ukuta tulioubomoa, upande wake wa ndani. Mtu alikuwa amejichorea mlango wa kutokea kwa mkaa, kimo cha Milembe. Nusu yake ilikuwa bado ukutani. Nusu nyingine, pamoja na kitasa, ilikuwa kwenye tofali miguuni pangu.