Medali ya Shingoni mwa Bibi

Saa sita mchana. Chumba cha nyuma cha banda la kome, mji wa bandari wa Picton. Mlango umefungwa.

"Mzee Pelham yuko kwenye mbio za farasi mpaka jioni," Ngahuia alisema. "Tamahou, nyumba uliipaka rangi wewe, kabati unalijua. Ingia, chukua medali, toka. Rewi analinda lango. Mimi naendesha."

"Na mbwa?" Rewi aliuliza.

"Yule? Ananipenda kuliko bosi wake," Tamahou alijibu.

Ngahuia hakucheka. Medali ile ya shaba wazee wao walipewa na nahodha Mwingereza, siku meli yake ilipotia nanga ghubani. Ikarithiwa mpaka kwa bibi wa bibi yake, aliyezikwa nayo shingoni. Babu yake Pelham akalifukua kaburi, akaichukua. Sasa Pelham huwaonyesha wageni medali hiyo, mvinyo mkononi. Mbele ya jeneza la mama yake, Ngahuia aliapa kuirudisha kaburini. Alimchukia Pelham mpaka usingizini.

Saa nane. Kioo kilivunjika. Tamahou alitoka mbio, medali mkononi. Wakachanja mbuga.

King'ora kikalia nyuma, mbali.

"Ficha," Ngahuia alisema.

Tamahou akaitumbukiza kwenye mfuko wa mikate ya kukaanga. Akachomoa mkate, akatafuna.

Ngahuia akakanyaga breki.

"Ya kweli iko wapi?"

"Unasema nini, dada?"

"Tangu utoto hujawahi kutoka makaburini bila kunawa. Kitu cha maiti hukichanganyi na chakula hata ushikiwe bunduki. Leo unakitafunia mkate. Iko wapi?"

Rewi alishamkaba shingo. Ndani ya koti, chini ya kwapa, wakaikuta nyingine, imefungwa kitambaa safi kwa adabu zote.

"Nina mnunuzi," Tamahou alisema kwa taabu. "Hii ya dukani ungeifukia, roho yako ikatulia. Nani angeumia?"

Ilimuuma Ngahuia kuliko wizi wa Pelham. Pelham alikuwa mtu baki. Huyu ni binamu aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, kwa bibi. Akamtandika ngumi, damu ikamruka puani. Akamsukuma nje na mfuko wake.

"Wape polisi hiyo yako."

Gari likaondoka. King'ora kilikuwa kimekaribia.

"Atatutaja," Rewi alisema.

"Atutaje. Wakifika tutakuwa tumeshaifukia kaburini. Kama wana ubavu, wamfukue bibi mara ya pili, mbele ya ukoo mzima."