Bangili Ilisema Shemeji Yangu ni Mvivu

Nilidhani hakuna kitu duniani cha kunishangaza tena... Nina miaka hamsini na mbili. Niliishia darasa la nne, lakini Moshi nzima wananijua! Nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni mlimani. Leo wapagazi thelathini wananiita bosi.

Nikaja kushangazwa na kibangili!

Muuzaji mmoja mjini aliniapia kuwa ukikivaa mkononi kinapima nguvu ambayo mwili umetumia kutwa nzima. Nikanunua ishirini za kuanzia. Nikatangaza: mchapakazi ashibe, mvivu apunguziwe ugali. Nilijiona nina akili kuliko wenye digrii!

Safari ya kwanza nilipanda nao. Aliyeongoza kwenye bangili? Mpishi! Wa mwisho akawa Eliamani, kaka wa mke wangu, aliyebeba kilo ishirini kichwani tangu getini. Nikamsema mbele ya wenzake.

"Shemeji, mzigo nimebeba mimi. Hiyo bangili imebeba nini?"

Wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikaamuru apewe nusu sahani. Siku tatu, ndugu zangu! Siku ya nne miguu ikaishiwa nguvu kwenye mteremko, akaanguka na mzigo wake. Mguu ukavunjika mahali pawili.

Mke wangu akafunga nguo zake, akaenda kwao Uru kumuuguza.

Nikajifunga bangili mwenyewe. Nikapandisha gunia la viazi kichwani, mikono yote miwili imelishika, kilima kizima. Jasho mpaka kwenye soksi! Ikasoma kidogo tu. Kesho yake nikakaa kwenye kigoda nakoroga mbege, pombe yetu ya ndizi... ikapanda kama imepagawa!

Kumbe inahesabu mkono unavyochezacheza! Uzito haiujui. Mlima haiujui. Mpishi anamenya, anasonga ugali, mkono haupumziki. Shemeji kashika mzigo, mikono imetulia tuli.

Nikamfuata muuzaji. "Mzee, yale ni makadirio tu." Makadirio! Makadirio yamevunja mguu wa mtu!

Lakini najichukia mwenyewe zaidi. Mimi niliyebeba miaka kumi na miwili, nilihitaji mashine iniambie shingo ya mpagazi inauma?

Nikapeleka isale, jani letu Wachagga la kuombea msamaha. Mke wangu akanipokea mlangoni: "Mbona hukuja na bangili ipime toba yako?" Eliamani alisamehe, maana isale haikataliwi. Ila mlimani hapandi tena. Na mke wangu hajarudi...

Nyie mnaoajiri watu, nawasihi, muulizeni aliyebeba kabla ya kuuliza mashine! Mimi nimechelewa. Bangili, hospitali, na ng'ombe wa maziwa niliyemnunulia shemeji apate riziki: shilingi milioni saba, laki nne na elfu sitini na tano.