Kilichofungwa Chini ya Kabureta

Watu wa mtaani kwetu Jang'ombe wanasema mie Mwatum sina adabu kwa majini. Waseme. Gari ni langu, kadi ina jina langu, na jini hana kadi.

Jioni hiyo nilikwenda Uroa kuchukua magunia ya mwani ya kina mama, kama tulivyokuwa tukifanya na marehemu mume wangu, Usi. Mie ndiye dereva. Usi hakupenda usukani. Kazi yake ilikuwa kule nyuma na mizigo. Akishapanga magunia yote, hugonga bodi mara mbili. Ngo, ngo. Maana yake, twende.

Alipofariki nilikaa eda, na pikapu likabaki Uroa kwa ndugu yake, Makungu. Nilipotoka eda nikalifuata, nikalikuta linakwenda kwa kukohoa. Likisimama, injini inatetemeka mpaka vioo vinalia. Ukikanyaga mafuta, inatulia kidogo. Makungu akanambia mna shetani ndani, na shetani huyo hataki kuendeshwa na mwanamke. Nimwachie yeye gari alifanyie dawa. Wallahi nilijua, likilala kwake tena, silioni. Na wanangu wanakula kwa pikapu hilo hilo.

Basi jioni ile magunia yamo, jua linazama, injini ikazimika. Mbele ya nyumba ya Makungu! Katika nyumba zote za Uroa!

Akatoka na chetezo mkononi, ubani unafuka. Utasema alikuwa akinisubiri.

"Nshakwambia, shemegi," akasema polepole. "Lina mwenyewe."

"Mwenyewe ndo mie," nikamjibu. "Na kaa mbali na tangi, usije ukatuunguza."

Nikafungua boneti. Nikaliwasha, nikaongeza silensa kidogo, injini izunguke bila kukanyagwa mafuta, lisizime tena. Nikajifunga kitambaa mkononi, nikawa nachomoa waya za plagi, moja moja, na kuzirudisha. Ukichomoa waya na injini isibadilike, basi plagi hiyo ndiyo mbovu. Lakini kila nilipochomoa, injini ilizidi kuyumba. Plagi zote zilikuwa zikifanya kazi. Kwa hiyo tatizo si moto wa plagi. Ni hewa.

Nikatega sikio.

Ssss...

Kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Kabureta ilikuwa ikiiba hewa mahali, na hewa haionekani. Lakini moshi unaonekana.

"Inua hicho chetezo," nikamwambia Makungu. "Simama hapo hapo ulipo. Mie nitaupepea."

Nikaupepea kwa kipande cha boksi. Moshi ukaja taratibu, ukapita juu ya kabureta, halafu ukapinda ghafla, ukanyonywa pale chini, kabureta inapokaa juu ya gasketi. Nikacheka kwa furaha.

"Shetani wako huyo hapo, shemegi! Gasketi!"

Nikazima injini nichukue spana.

Moshi ukaendelea kunyonywa.

Injini imezimwa. Ufunguo nnao mkononi. Na moshi unaingia tu...

Kisha ukatoka. Pale pale ulipoingilia.

Ukaingia.

Ukatoka.

Na ulipotoka haukunuka ubani. Ulinuka karafuu maiti, ile ile waliyompaka Usi siku ya kumkosha.

Niliogopa, sisemi uongo. Lakini mie hofu yangu huja na hasira, na hasira hufika mwanzo. Nikalegeza nati, nikainyanyua kabureta. Pembeni mwa gasketi pamepachikwa kitambaa chembamba cha bafta nyeupe, kimezungushiwa uzi mweusi.

"Usikitoe," Makungu akanong'ona.

"Kumbe unakijua!"

"Mwatum, nakuomba... Kulikuwa na kitu kinagonga. Tangu tuzike. Kila magharibi, humo ndani ya gari, kinagonga. Nikapewa kitambaa hicho nikifungie."

"Nani anagonga?"

 Akatupa macho chini ya gari.

"Na ulipokwisha kumfunga, ukaona bora na gari ubaki nalo?"

Mpaka leo silijui jibu la hilo. Nikakichomoa kile kitambaa, nikaenda nacho hadi aliposimama, nikakitupa ndani ya chetezo chake mwenyewe. Kikachemka kwanza, ndo kikashika moto.

Nikakaza nati, nikafunga boneti, nikapanda. Nikawasha. Injini ikanguruma laini, vioo kimya. Kitambaa kilikuwa kimeinua kabureta, hewa ikapita. Basi. Fundi yeyote angekwambia hivyo.

Makungu akaja akasimama mbele ya taa, mikono kaitandaza. "Huondoki nalo! Sasa kimefunguka!"

Ngo, ngo.

Akaruka pembeni, chetezo kikamponyoka. Alikuwa anasoma Ayatul Kursiyu na anaikosea.

Nikageuka. Kule nyuma magunia tu. Na Usi alikuwa akigonga juu, karibu na dirisha langu. Huku kugonga kulitoka chini. Chini ya nyayo zangu.

Machozi yakanitoka, sijui ya hofu au ya hamu ya mume wangu. Nikayapangusa kwa mkono wenye grisi.

"Haya," nikasema. "Twende." Nikatia gia.

Tangu siku ile pikapu halijakohoa. Magunia yakishajaa, kule chini hugongwa mara mbili, nami naondoka. Makungu halidai tena. Shoga yangu Sichana ndiye hachoki kunisihi niliuze. Juzi kaniuliza, sauti ya chini: "Lakini una hakika ni Usi?"

Sina. Akiwa Usi, hiyo ndiyo kazi yake, aifanye. Na akiwa si Usi, basi na agonge mpaka achoke. Dereva ni mimi.